Kabla Hujafomati, Ikague Kwanza Ile Flashi

Muhula ukishakolea, supavaiza akaanza kudai sura ya nne, ndipo laptopu za hosteli huamua kuugua. Mwenye nayo anatafuta mtu wa kumpigia Windows, na mtu huyo hakosekani. Kila bloku yupo, na flashi yake ina Windows "nyepesi": imekatwa makorokoro, ina Office ndani, haiombi ufunguo. Inachomekwa, nembo inatokea, vidoti vinazunguka. Nusu saa baadaye bado vinazunguka. Hapo fundi anatoa hukumu ambayo mimi naipinga: "Shida ni diski yako. Tufute patisheni zote tuanze upya."

Zote, pamoja na D yenye risechi.

Nasema hivi: kama flashi ni ya kuchongwa na usakinishaji umeganda, mshukiwa wa kwanza ni flashi. Laptopu inafuata baadaye. Kufuta kila kitu ni hatua ya mwisho kabisa, na mara nyingi haina uhusiano wowote na ugonjwa wenyewe.

Simcheki anayetumia Windows ya kuchonga. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Wengi wetu tuna laptopu za mtumba, na boom halinunui mpya. Tena kuchonga si uhuni wa jana. Enzi za Windows XP watu walitumia nLite kwa sababu ya msingi kabisa: XP ilitoka mwaka 2001 na haikuzijua diski nyingi za SATA zilizokuja baadaye. Njia rasmi ilikuwa kubonyeza F6 na kuingiza disketi yenye draiva, kwenye laptopu ambayo haina hata pa kuchomeka disketi. Ukiwa na akili ulichoma CD yako yenye draiva ndani, mambo yakaisha.

Tatizo ni kwamba wengi wanaochonga leo hawajui kwamba ndani ya flashi moja kuna Windows zaidi ya moja. Kuna faili linaitwa install.wim, ambalo ndilo litakalokaa kwenye diski yako. Na kuna boot.wim, Windows ndogo inayowaka ndani ya RAM ili ifanye kazi ya kusakinisha. Hata hiyo boot.wim ina picha mbili ndani yake, na ya pili ndiyo inayoendesha usakinishaji. Sasa mtu anaongeza draiva kwenye install.wim peke yake, anafurahi, anagawa flashi. Ikifika kwenye laptopu yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 iliyowashwa VMD, msakinishaji haoni diski hata moja. Draiva ipo, lakini imefungiwa ndani ya nyumba ambayo haijajengwa. Walioweka Windows 7 kwenye mashine zenye USB 3.0 tupu wanaikumbuka hali hii: msakinishaji anafunguka, kibodi na mausi vimekufa, au anadai draiva ya DVD wakati hakuna DVD yoyote.

Halafu kuna ukubwa. Ukipachika Office na michezo ndani ya install.wim linanenepa, na flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Rufus inalijua hilo na ina njia ya kulikwepa. Anayekopi kwa mkono anakwama. Wengine wanalibana faili mpaka basi ili litoshe, kisha laptopu ya RAM ya GB 2 inalifungua kwa mateso, asilimia moja kwa dakika kadhaa, na mwenyewe anazima akidhani imekufa. Si kila kilichosimama kimeganda. Tazama taa ya diski kwanza, kama laptopu yako bado inayo.

Ila kinachonitisha mimi ni faili dogo la maandishi, autounattend.xml. Kazi yake ni kujibu maswali ya usakinishaji kwa niaba yako: lugha, jina, patisheni. Ndani yake mtu anaweza kuandika diski ya kwanza ifutwe yote, na ikafutwa bila wewe kuulizwa chochote. Aliyeandika alikuwa na nia njema, alichoka kubonyeza "next" kwenye mashine zake. Wewe hukuwepo alipoandika. Kwa hiyo kabla flashi ya mtu haijawashwa kwenye laptopu yako, ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama faili hilo lipo, usome limeandikwa nini. Ni dakika mbili.

Na ikiganda? Bonyeza Shift na F10. Dirisha jeusi likifunguka, andika notepad. Wengi hawajui kwamba msakinishaji anakubali Notepad, na kwamba ukienda sehemu ya kufungua faili, ukachagua kuonyesha mafaili ya aina zote, unaziona patisheni zako na unaweza kukopi folda ya risechi kwenda flashi nyingine, mradi diski haijafungwa kwa BitLocker. Fanya hilo kabla ya jambo lingine lolote. Herufi zinaweza kubadilika humo, D ikaitwa E, usishtuke.

Baada ya hapo fungua X:\Windows\Panther\setupact.log, ushuke mpaka mistari ya mwisho. Pembeni yake kuna setuperr.log, ambalo linabeba makosa peke yake. Msakinishaji akishaweza kuifikia diski, kumbukumbu hizo huhamia kwenye C, ndani ya folda iliyofichwa inayoitwa $WINDOWS.~BT. Hutaelewa kila kitu. Lakini utaona imekwama ikitafuta diski, ikisoma faili bovu, au ikiita kipande ambacho mchongaji alikikata. Hizo ni dawa tatu tofauti, na kufomati si mojawapo.

Kinachofuata ni kujaribu ISO halisi ya Microsoft kwenye laptopu ileile. Ukurasa wao wa Windows 11 unaonyesha namba za SHA256. Wewe andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe. Ile halisi ikipita, kesi imekwisha, flashi ya jirani ina makosa. Ikigandia palepale, sasa una haki ya kushuku RAM, diski, au flashi yenyewe, maana zipo flashi zinazoandikwa GB 64 na ndani hazifiki hata nusu.

Najua jibu la mafundi wetu: "Hii flashi imepiga bloku nzima." Sawa, bloku nzima ilikuwa na laptopu za miaka ileile. Na kupiga bila kuganda nako si cheti cha usafi. Mwaka 2023 kampuni ya Doctor Web ilikuta nakala za Windows 10 za mitaani zenye trojani iliyojificha kwenye patisheni ya EFI, ikibadilisha anwani za sarafu za kidijitali mtu anapokopi na kupesti. Waathirika walisakinisha vizuri tu, bila kuganda hata sekunde.

Hapa nawageukia viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi. Kila mwaka tunaahidiwa fulana na bonanza. Mimi naomba flashi mbili zenye ISO halisi, moja ya Windows na moja ya Linux, zikae maabara ya kompyuta, namba zake za SHA256 zibandikwe mlangoni, mtu aazime kwa kitambulisho. Bando la kuzishusha litumike mara moja badala ya kila mwanafunzi kuhangaika nalo peke yake.

Na kwa mafundi wetu, ambao bila wao wengi tungekuwa tumeshakwama: chongeni, ila kwa skripti zinazoanzia kwenye ISO halisi, kama tiny11builder, ambayo mtu anaweza kuisoma aone imekata nini. Ongezeni kitu kimoja, jaribuni, ndipo muongeze kingine. Kujaribu kwenye VirtualBox ni mwanzo mzuri, lakini haina diski wala draiva za laptopu ya mteja, hivyo kupita huko hakutoshi. Na kwenye kila flashi gundisheni kikaratasi: tarehe, toleo, mlichokata, mlichoongeza, na kama kuna autounattend.xml ndani.