Kahawa Haifuti Wiski

Kinywaji kiitwacho kahawa ya Kiayalandi si kigeni tena katika hoteli za Kigali. Asili yake ni Foynes, magharibi mwa Ayalandi, ambako katika miaka ya 1940 ndege za kutua majini zilishusha abiria waliotetemeka kwa baridi. Mpishi mmoja, Joe Sheridan, akawatilia wiski katika kahawa ya moto yenye sukari, na juu yake akaweka krimu.

Sisi hatuoni sababu ya kinywaji hicho kubaki kama kilivyoletwa. Nchi ipandayo buni ya Bourbon katika miteremko ya Nyamasheke, kandokando ya Ziwa Kivu, haina haja ya kahawa ya kopo. Sukari nayo yaweza kuiachia nafasi asali ya pembezoni mwa msitu wa Nyungwe, mradi ikorogwe kahawa ingali moto, kabla wiski haijamiminwa, ama sivyo itatuama chini. Kwa asiyetaka kahawa usiku ipo chai nzito ya Mulindi, mahali ambapo askari wengi hawahitaji kuelezwa. Wiski hatuna budi kuilipia fedha za kigeni. Basi vingine vyote katika gilasi na viwe vya wakulima wetu.

Lakini ninyi askari wa jeshi na polisi tunawaandikia kwa jambo zito kuliko hilo. Imezoeleka kudhani kwamba kahawa huondoa ulevi. Haiondoi. Huondoa usingizi tu, na mlevi aliye macho ni hatari zaidi kuliko mlevi asinziaye, kwa kuwa hujiona yu mzima na kudai funguo za gari. Kipimo cha mililita 50 cha wiski yenye nguvu ya asilimia 40 kina mililita 20 za kileo halisi. Ini la mtu mzima huondoa takriban mililita 10 kwa saa, wala haliharakishwi na kahawa, maji baridi au amri ya mkubwa. Kwa hiyo gilasi moja ni saa mbili. Gilasi mbili zina mililita 40, ilhali nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina 25 tu. Na bia haijifichi: gilasi ya krimu mezani hudhaniwa kahawa ya maziwa, hata na mnywaji mwenyewe.

Tangu mwaka 2019 Polisi ya Taifa imeendesha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fikeni salama. Itakuwa aibu ikiwa anayemsimamisha dereva barabarani jioni ndiye anayejidanganya kwa kahawa usiku.

Tunapendekeza kila baa iandike kipimo cha wiski kando ya bei, na chupa ifunguliwe mbele ya mnywaji. Utamu wa asali na ukali wa kahawa vyaweza kuficha mengi, na polisi waliokesha wakiwavizia wachukuzi wa kanyanga mpakani wanajua tunalolisema.

Aliye zamu, au atakayeshika usukani, aletewe kahawa ile ile yenye asali na krimu, tangawizi ikiwa mahali pa wiski. Bei nayo ipunguzwe kwa kiasi cha wiski iliyoondolewa. Tumeona mahali ambapo haipunguzwi.