Mzazi, Mtoto Wako Anajua Kuogelea?



Wapenzi wasomaji, wazazi na walezi, leo tunaomba ruhusa tuyaweke kando mambo ya hifdhi na ada za madrasa, tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hapa Bujumbura tunalifumbia macho: kuogelea. Na tutaanza kwa kujifedhehesha wenyewe, kwani anayetaka kuwanasihi wenzake ni vyema aanze na nafsi yake.

Baada ya mitihani tuliwachukua wanafunzi wetu wa kiume kutoka Buyenzi, tukaenda nao ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Tulibeba mpira, maandazi na birika kubwa la chai. Mchezo ulikwenda vizuri mpaka mpira ulipopigwa kwa nguvu ukaangukia majini, na upepo ukaanza kuusukuma. Mtoto mmoja wa miaka kumi na moja akaufuata. Sisi, mwandishi wa safu hii, tukamfuata mtoto, kanzu tumeikunja kiunoni. Maji yalikuwa ya magoti, yakawa ya kiuno, halafu mguu mmoja ukakosa pa kukanyaga. Tukazama. Hatukupiga kelele, kwa sababu mdomo uliojaa maji haupigi kelele. Mvuvi aliyekuwa akishona wavu wake pale karibu ndiye aliyetunyooshea upondo, tukaushika, akatuvuta kama avutavyo mtumbwi. Tulipopata fahamu zetu vizuri, yule mtoto alikuwa amesimama mchangani, mpira kwapani, anatuangalia kwa huruma.

"Maalim," akatuambia, "ungeniachia tu mimi."

Watoto walicheka, na ilikuwa haki yao. Kofia yetu iko ziwani mpaka leo.

Lakini usiku ule usingizi haukuja. Mtoto yule ndiye ambaye mama yake ameshamleta kwetu mara mbili ili tumtie adabu kwa kosa la kutoroka kwenda ziwani, na sisi tukamkaripia mbele ya wenzake. Kumbe katika msafara mzima, aliyejua kuogelea alikuwa yule mmoja tunayemwadhibu kwa kujua. Wale watiifu, wanaokaa nyumbani kama walivyoambiwa, pamoja na mwalimu wao, tungeweza kufia kwenye shimo lisilofika hata urefu wa mlango.

Ndugu zangu, hapo ndipo ilipo hoja yetu. Tunawakataza watoto wasiende ziwani, tukidhani tumewalinda. Marufuku haiondoi ziwa. Mji wetu umekaa kwenye ukingo wa maji yenye urefu wa zaidi ya kilomita 670, na kina chake kinafika karibu mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Siku ya Idi watoto wataenda huko, utake usitake. Shule ikifungwa wataenda. Kwa hiyo swali si kama wataingia majini, bali wataingia wakiwa wamefundishwa au hawakufundishwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu nusu yao walikuwa hawajafika umri wa miaka 29. Shirika hilo hilo linashauri watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe misingi ya kuogelea na namna ya kumwokoa mwenzao bila kuhatarisha maisha yao.

Wapo watakaosema: ustadhi umeacha Qur'ani umekuwa mwalimu wa michezo. Tunawajibu kwa heshima. Yako maneno mashuhuri yanayohimiza watoto wafundishwe kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi. Wengi huyataja kuwa ni Hadithi ya Mtume (S.A.W.), lakini yanavyojulikana zaidi ni kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Na Mtume mwenyewe (S.A.W.) imepokewa kuwa alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, na baadaye Mtume naye akashinda, akamtania kuwa hii ni kwa ile. Basi sisi ni nani hata tuone mchezo ni aibu, au kushindwa ni aibu?

Wengine wanahofia sitara. Kaptura pana inayovuka magoti inatosha kwa wavulana. Na mabinti wasisahauliwe, kwani maji hayaulizi huyu ni wa kiume au ni wa kike. Akina mama wakitafuta asubuhi yao peke yao, mahali pa faragha, na mwanamke mwenzao anayeyajua maji awasimamie, kuna ubaya gani?

Sisi tulifanya hivi. Tulimwomba yule mvuvi atufundishe, akakubali, Jumapili asubuhi, katika maji yasiyovuka kifua cha mtoto mfupi kuliko wote. Alitwambia kwanza pa kutokwenda: mdomo wa Mto Rusizi, kwa ajili ya mamba, na sehemu ambazo viboko hupita. Pia tuondoke mapema, kwani jioni viboko hutoka majini kwenda kula majani. Kisha akatufundisha jambo ambalo kila nyumba inapaswa kulijua: mtu akizama usimrukie, maana atakukumbatia mzame wote. Mtupie kamba, mnyooshee mti, au mrushie bido tupu la lita ishirini lililofungwa kifuniko vizuri. Bido lile tunalochotea maji linaweza kumweka mtu juu mpaka msaada ufike.

Somo la kwanza halikuwa kuogelea, lilikuwa kulala juu ya maji. Vuta pumzi, legeza mwili, masikio yaingie majini, tazama juu. Watoto walilipata kwa siku moja. Sisi, tuliozidi miaka arobaini na tuna kitambi kidogo, ilituchukua Jumapili nne. Kila tukizama, yule mtoto wa mpira alisimama pembeni na kutwambia kwa sauti ile ile tunayomwambia yeye akikosea herufi: "Maalim, rudia tangu mwanzo." Tukarudia. Jumapili ya nne tulielea mpaka wakahesabu ishirini. Takbir iliyopigwa pale, wavuvi wa mbali walidhani mwezi umeandama.

Wasomaji wetu, hatusemi kila mtoto awe bingwa. Tunasema asife kwa jambo ambalo Jumapili chache zingelizuia. Mzazi, muulize mwanao leo, kwa upole, kama anajua kuogelea. Akikwambia anajua, usimpige. Muulize nani kamfundisha na wapi, kisha mtafutie mtu mzima wa kusimama naye. Na kama wewe mwenyewe hujui, usione haya kuanza. Yule mama aliyekuwa akituletea mwanawe tumtie adabu, sasa anamleta Jumapili mwenyewe, na anakaa mchangani na bido lake.

Allah atuhifadhie watoto wetu nchi kavu na majini, na atupe unyenyekevu wa kufundishwa na wadogo zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.