Mpasue tumbo utajua anakula nini

Mwandishi, ukieleza umbo la samaki wa mtoni, sifa zote umeupa mkondo wa maji. Ni kweli samaki wa mtoni mwenye mwili mrefu na mwembamba hapati taabu kushindana na maji, lakini tumbo nalo lina usemi wake. Mimi nimekulia kando ya Mto Kagera, nikipara samaki na bibi. Mtazame ningu: mdomo uko chini ya kichwa, midomo minene, kwa sababu kazi yake ni kukwangua ule utelezi wa kijani juu ya mawe. Ukimpasua, utumbo unatoka mrefu, umejiviringa kama kamba ya kisima. Chakula cha aina hiyo hakisagiki upesi. Domodomo jina linamtosha: pua ndefu, kinywa kidogo kwenye ncha, cha kudonolea viluwiluwi vya wadudu topeni. Kambare asiyechagua chakula ana kichwa bapa na kinywa kipana. Sasa tukilima hadi ukingoni, udongo ukashuka na kufunika mawe, huyo ningu atakwangua nini?