Magari yakipashana habari, nani athibitishe ni za kweli?

Mwezi Februari 2020 msanii wa Ujerumani, Simon Weckert, alionyesha jinsi alivyokokota kigari chenye simu za mkononi 99 katika mitaa ya Berlin. Ramani za Google zikadhani kuna msongamano; barabara tupu ikageuka nyekundu. Hakuna mtambo uliovunjwa. Simu zilidanganya, mashine ikaamini.

Hilo ndilo linalowasumbua watengenezaji wa magari yanayopashana habari yenyewe kwa yenyewe: ajali mbele, utelezi, foleni. Mwaka 2018 BMW, Ford, General Motors na Renault walikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa MOBI, kuangalia iwapo blokucheni itasaidia.

Blokucheni, kwa lugha ya dukani, ni daftari ambalo kila mshirika ana nakala yake. Kila ukurasa hubeba alama ya ukurasa uliotangulia, hivyo anayefuta mstari kimyakimya hugundulika. Tatizo ni mwendo: daftari la Bitcoin huongeza ukurasa kila dakika 10 hivi, na breki ya lori haisubiri dakika 10. Kwa hiyo onyo hutumwa moja kwa moja, na daftari hubaki kuweka rekodi ya nani husema kweli na nani mwongo.

Kwa msafirishaji wa Mombasa hadi Kampala au Kigali, jambo hili liko karibu. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia mizigo ya transiti kwa lakiri za kielektroniki, katika mfumo wa RECTS. Lori likichepuka, kituo hupata taarifa. Je, dereva akisema alielekezwa njia nyingine kwa sababu barabara ilikatika na maji, na mtambo unasema amechepuka? Mwenye lori angekuwa na nakala yake, pamoja na taarifa za malori mengine yaliyopita hapo siku hiyo, angekuwa na la kujitetea.

Hata hivyo tusidanganyane. Daftari hulinda kilichoandikwa. Halijui kama ni kweli. Uongo wa zile simu 99 ungehifadhiwa humo vizuri tu. Tena washindani hawapendi daftari moja: TradeLens ya Maersk na IBM, iliyozinduliwa 2018 kwa ajili ya makontena, ilitangazwa Novemba 2022 kuwa inafungwa kwa kukosa ushirikiano wa sekta nzima.

Kabla ya kusaini mkataba wa kifaa chochote cha kufuatilia gari, uliza nakala itakaa kwa nani, na nani mwingine ataona lori lako limelala wapi usiku.