Bosi, Sitaki Paswadi Yako

Kuna kitu wenye biashara wa Nairobi wanafanya, na wanadhani ni ishara ya kukuamini. Umepata gigi ya kuendesha kurasa zao, mmekubaliana bei (mara nyingi bei ya kulia), halafu jioni WhatsApp inalia. Paswadi ya Instagram, ya Facebook, ya TikTok, zote kwa meseji moja. Kila moja ni jina la biashara na mwaka. Chini yake: "Anza kesho."

Wasee, hiyo si imani. Huko ni kukubebesha mzigo bila kukuambia uzito wake. Kwa hivyo nasema wazi: kijana yeyote anayefanya hii kazi, kutoka maduka ya eksibisheni pale tao mpaka maofisi ya vioo Westlands, akatae paswadi. Aombe akaunti iunganishwe kwa programu ya kupanga posti, na yeye aongezwe kwa jina lake.

Tuanze na kitu tunajua wote. M-Pesa tumekuwa nayo tangu 2007, na hata shosho kijijini anajua PIN haipewi mtu. Mwenye duka amebandika namba yake ya Lipa na M-Pesa ukutani, unalipa, unaenda. Hakupi PIN ndiyo ujue anakuamini. Sasa mtu huyo huyo, ambaye hufunika simu kwa mkono akiweka PIN, anatuma paswadi ya ukurasa unaomletea wateja kwa kijana ambaye wamekutana mara mbili. Kijana wa kabla yake bado anayo. Na wa kabla ya huyo pia.

Kuunganisha si uchawi. Unachagua programu, tuseme Buffer au Hootsuite. Kama ni Instagram, akaunti kwanza inageuzwa iwe ya biashara au ya mtengenezaji kontenti, kwa sababu akaunti ya kibinafsi haipokei posti moja kwa moja kutoka programu za nje. Halafu mwenye akaunti, kwa simu yake mwenyewe, anabonyeza kuunganisha. Anapelekwa kwa ukurasa wa Instagram au Facebook, anaingia huko, anaonyeshwa ruhusa zinazoombwa, anakubali. Programu haijaona paswadi yake. Imepewa tokeni.

Hiyo tokeni ichukulie kama ya stima. Umenunua ya mita yako, ukiipeleka kwa mita ya jirani haiingizi kitu. Hii nayo ni ya programu moja, akaunti moja, na kazi zilizotajwa tu. Inaweza kuweka posti, lakini haiwezi kubadilisha paswadi na kumfungia mwenyewe nje. Siku hamfanyi kazi tena, mwenye akaunti anaingia kwa mipangilio, anaondoa programu kwenye orodha, imeisha. Paswadi haiko hivyo. Ukimpa mtu umempa kila kitu, na hairudi mfukoni mpaka uibadilishe.

Najua bosi atasema, "Kwani hatuaminiani?" Tunaaminiana, lakini tukikosana? Akaunti ambayo watu watano wanaingia nayo kwa paswadi moja haionyeshi vizuri nani alifanya nini. Picha ikifutwa usiku au tusi likiandikwa, wote watano ni washukiwa, na wa kwanza kupigiwa simu ni yule mdogo anayelipwa kidogo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema kuingia kwa mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa. Kutoa paswadi bila idhini pia ni kosa. Sasa fikiria kazi imeisha Ijumaa, hakuna mtu amebadilisha paswadi, na simu yako bado iko ndani. Jumatatu kitu kinaharibika. Utajitetea na nini?

Mimi niliacha chuo. Sina digrii ya kuweka mezani, nina jina langu tu na kazi ambayo watu wameiona. Jina hilo likichafuliwa, hakuna msajili wa chuo atakayeniprintia lingine. Wengi wetu tunaofanya hii kazi kutoka bedsita za Kangemi, Kawangware na Uthiru tuko hivyo. Ndiyo maana jambo hili si dogo.

Kuna siku siwezi kusahau. Jumanne, 25 Juni 2024. Watu wamejaa tao kupinga Mswada wa Fedha, waandamanaji wameingia Bunge, risasi zinalia, vijana wanakufa. Wakati huo nilikuwa naandikia mkahawa mmoja upande huu wetu, sitautaja. Posti za wiki nzima zilikuwa zimepangwa, zote chini ya akaunti ya bosi, kwa sababu alikataa kuniongeza kama mtu wa pili. Ya jioni hiyo ilikuwa ofa ya kuku, na imoji za moto. Nikajaribu kuingia niisimamishe. Namba ya uthibitisho ikaenda kwa simu ya bosi. Napiga, hashiki. Intaneti nayo inakokota. Saa moja ikafika, ofa ikatoka. Imoji za moto, siku ambayo sehemu ya Bunge iliungua! Matusi yaliyofuata yalikuwa halali kabisa. Na kesho yake swali la kwanza kuulizwa mimi: "Mbona hukuisimamisha?"

Ningekuwa na ruhusa yenye jina langu, hiyo ilikuwa kazi ya sekunde kumi. Programu ya kupanga posti haisomi habari. Haijui nchi inalia. Lazima kuwe na mtu wa kuisimamisha, na uwezo huo hauwezi kukaa kwa simu ya mtu mmoja ambaye yuko mkutanoni.

Halafu kuna wateja. Nairobi tunanunua kwa inboksi. Mtu anaandika jina lake, namba ya simu, na "niko Kangemi, geti nyeusi, ukishuka steji uliza." Paswadi inafungua hayo yote kwa kila mtu aliye nayo. Meta Business Suite, ambayo ni bure, inakuwezesha kumpa mtu kazi ya kuweka kontenti kwa ukurasa wako wa Facebook bila kumfungulia meseji. Kwa nini nisome anwani za wateja wako kama kazi yangu ni kuandika kapsheni?

Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 si mapambo. Mwaka wa 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Casa Vera Lounge, iliyoko Ngong Road, ikatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Angalia faini zilienda wapi: kwa shule na kwa klabu. Kwa hivyo bosi, hii ni kinga yako pia. Programu hizi, kwa mipango ya kulipia, zina hatua ya kupitisha posti: kijana anaandika, wewe unasoma, ndiyo inatoka. Paswadi iliyotupwa WhatsApp haina hatua hiyo.

Sasa tujibu visingizio.

"Hizo programu nazo zinadukuliwa." Ni kweli. Oktoba 2013 Buffer ilidukuliwa, na matangazo ya kupunguza uzito yakatoka kwa akaunti za watu Facebook na Twitter. Machi 2017 ikawa zamu ya Twitter Counter, na akaunti nyingi, pamoja na ya Forbes, zikaandika ujumbe wa Kituruki wenye alama ya Wanazi. Lakini angalia kilichotokea: Buffer ilisimamisha posti zote, na paswadi za watu hazikuguswa. Mlango mmoja ulivunjwa, ukafungwa, nyumba ikabaki ya mwenyewe. Somo hapo ni kwamba uingie leo kwa mipangilio yako uondoe kila programu ambayo huitumii tena, hata ile ya kuangalia nani amekuanfolo uliyoiunganisha ukiwa fom tuu.

"Ukipanga posti, watu wanaoiona wanapungua." Hii hadithi imezunguka sana. Instagram yenyewe ilileta kipengele cha kupanga posti mwaka wa 2022, hadi siku 75 mbele, kwa akaunti za biashara na za watengenezaji kontenti. Ikuwekee mlango halafu ikuadhibu kwa kuupitia? Mara nyingi posti ikikosa watu, shida ni posti.

"Ni gharama." Hootsuite iliondoa mpango wake wa bure mwaka wa 2023, sawa. Buffer ina mpango wa bure wa akaunti tatu, ingawa ukitaka kuongeza watu unalipa. Lakini Meta Business Suite inakuwezesha kuongeza watu bila kulipa hata shilingi, na YouTube inakubali umwalike mtu kwa barua pepe yake bila kumpa paswadi ya chaneli. Biashara inayolipia taa za neoni ukutani ndiyo watu wapige picha haiwezi kuniambia kubonyeza "alika" ni bei ghali.

Na wewe kijana, usingoje bosi ajifunze mwenyewe. Kabla hujaandika kapsheni hata moja, kopi hii umtumie:

"Asante kwa kazi. Tafadhali usinitumie paswadi. Niongeze kwa barua pepe yangu, kazi ya kontenti tu. Akaunti utaiunganisha wewe kwa simu yako, nitakuelekeza, ni dakika kumi. Siku tukimaliza kazi, tutaniondoa tukiwa pamoja."

Atakayeona hiyo ni dharau, mwache. Mtu anayekunyima dakika kumi mkianza hatashika simu mambo yakichemka.