Tuzime taa, nani anafaidika?

Ndugu wakaaji wa Bunia,

Kila mara wanatuambia: "Facture inakuwa kubwa? Zimeni taa." Shauri hilo ni zuri pale penye compteur. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila siku, kwa mwezi inakula kilowati-saa 9. Ukiweka ya LED ya wati 9, inashuka mpaka 1.35. Hata mtoto wa primaire anaiona hiyo hesabu.

Lakini kwetu nyumbani hakuna compteur. Tuko kwa forfait. Mwezi uliopita courant ilikuja siku chache tu, tena usiku watu wamelala. Facture ikafika ileile, haikupungua hata franka moja. Mama, ambaye anauza mandazi, akalipa. Halafu akanunua buji. Mimi na diplome yangu ya licence (kazi haijanipa bado) nikapiga hesabu: tuzime zote, tuwashe zote, bei ni moja. Sasa kubana huko kunamsaidia nani?

Sheria 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungulia makampuni binafsi mlango wa umeme, ikaunda na ARE ya kusimamia sekta. ARE iko Kinshasa, sawa. Na Ituri nayo iko Kongo.

Tunadai compteur kwa kila nyumba. Mpaka iwekwe, siku za giza zitolewe kwenye facture. Wazazi, musitupe zile facture za forfait. Muzichunge: tunapita avenue kwa avenue kukusanya fotokopi.