Udongo wa Bonsai: Usinakili Tu, Jaribu Kwanza

Haya, leo kompyuta iwekwe kando kidogo. Marafiki hunicheka kwamba naishi Garissa, mji wa jua kali, halafu nakuza bonsai, ile miti midogo ya Kijapani inayolelewa ndani ya vyungu vya kina kifupi. Wacha wacheke. Mimi naona eneo letu limebarikiwa kwa kazi hii, ila wengi tunakosea mahali pamoja: udongo.

Mti ninaousema ni waridi la jangwani, Adenium obesum. Unaota wenyewe huku Kaskazini Mashariki, una shina nene la kuhifadhi maji, na wakuzaji wa bonsai katika nchi nyingi wanaupenda sana. Wangu wa kwanza niliuchimba porini. Nikauweka kwenye chungu pamoja na udongo uleule ulioota ndani yake. Nilijiambia, kama umeishi humo miaka yote, utakosaje kuishi sasa? Mizizi ikaoza. Mti uliovumilia kiangazi baada ya kiangazi nikauua kwa miezi michache.

Kosa langu lilikuwa nini? Porini udongo hauna sakafu, maji huzama mpaka chini kabisa. Chungu kina sakafu. Fanya jaribio hili: lowesha sponji ya kuoshea vyombo, ilaze kiganjani mpaka iache kudondosha maji, kisha isimamishe wima. Itaanza kudondosha tena! Sponji ni ileile, kilichobadilika ni kimo tu. Sasa chungu cha bonsai ni ile sponji iliyolazwa. Maji hubaki chini, na kadiri udongo ulivyo laini ndivyo tabaka hilo la maji linavyokuwa nene. Na wale wanaoshauri uweke kokoto chini ya chungu wanakudanganya bila kujua. Kokoto hizo zinapandisha tu tope karibu zaidi na mizizi.

Udongo wa mfinyanzi wa kando ya Mto Tana je? Kwa maembe na ndizi ni mali. Ndani ya chungu ni balaa. Ukilowa unakuwa gundi. Ukikauka unapasuka na kujitenga na kuta za chungu, kisha ukimwagilia maji yanapita pembeni na katikati panabaki pakavu.

Ukitafuta mtandaoni utaambiwa ununue akadama, udongo wa volkano kutoka Japani. Ni mzuri, sikatai. Lakini kuuagiza mpaka huku ni gharama, tena Tokyo hupata mvua ya takriban milimita 1,500 kwa mwaka, sisi hatufikii 400. Waandishi wa programu tuna mzaha wetu: "Kwangu inafanya kazi." Programu inakimbia vizuri kwenye mashine ya mwandishi, inaanguka kwa mteja. Udongo ni vivyo hivyo.

Maoni yangu ni kwamba tusinakili udongo wa watu, tunakili kanuni yake: maji yakae ndani ya punje, hewa ipite kati ya punje. Kanuni hiyo inatimizwa na vitu vya hapahapa. Mimi hutumia sehemu mbili za matofali ya kuchoma yaliyopondwa, sehemu moja ya mchanga mkubwa wa laga uliooshwa vizuri kuondoa chumvi, na nusu sehemu ya vipande vidogo vya mkaa. Samadi ya mbuzi iliyokaa sana natia kiganja kimoja tu. Vyote nachekecha: vumbi linalopita kwenye wavu wa mbu wa dirishani natupa, na punje zinazozidi milimita 6 naponda tena. Kuchekecha ndiyo kazi yenyewe, usiiruke.

Kisha jaribu mchanganyiko kwenye chungu kitupu kabla ya kupanda. Ukimwaga maji yakasimama juu, rudi kwenye chekeche.

La mwisho, tuache kuchimba miti mizee porini kwa ajili ya kujifunzia. Panda mbegu. Mche ukifa umepoteza miezi, mti mzee ukifa hakuna wa kuurudisha. Na ukishika waridi la jangwani nawa mikono, utomvu wake ni sumu iliyowahi kupakwa kwenye mishale.

Haya, wenzangu, chekeche mkononi!